Baba Mkwe Hakukohoa

Mimi si mtu wa kutetemeka ovyo. Nimezaliwa Kalenga, Iringa, Mhehe wa baba na mama, na hasira zangu nilikuja nazo Mbeya pamoja na sufuria za sendoff. Lakini siku ile baba mkwe alipoingia chumbani kwangu bila kukohoa, hasira zote zilinikimbia. Nilibaki mdomo wazi.

Nianze na habari ya kukohoa, maana bila hiyo utaniona mjinga tu.

Niliolewa na Fred, Mnyakyusa, dereva wa lori la mbao. Kwao ni Isyonje, juu kule ukitoka Uyole kwenda Tukuyu, ambako ukungu unaamka kabla ya watu na mwezi wa saba hata kuku hawataki kutoka bandani. Wanyakyusa wengi siku hizi wanaishi na wakwe zao kama watu wengine. Wakwe zangu hapana. Kwao mwanamke na baba mkwe wake hawaonani, na mila hiyo wanaiita ukutila, yaani kuogopa. Nikimwona mzee njiani nachepuka, naingia hata kwenye viazi vya watu, nafunika uso kwa khanga mpaka apite. Alipokaa sikai. Kusema naye ni mwiko. Jina lake ni Jailos, na hapa nimelitamka kwa kuwa hanisikii.

Yeye naye ana wajibu wake, nao ni kukohoa. Akitoka shambani anakohoa. Akitaka kupita uani anakohoa, anasubiri, anakohoa tena, nami natoka mbio na ndoo yangu ili asinikute. Mgeni angedhani mzee ana kifua kikuu. Kumbe kifua chake ni kizima kabisa, kinabisha hodi tu.

Nilicheka sana siku za mwanzo. Kwetu Kalenga mkwe tunamheshimu, lakini heshima yenyewe haina mbio. Mama mkwe wangu, Blandina, hakuona cha kuchekesha. Ndiye aliyenifundisha yote, wiki ya kwanza tu, akiwa amenishika mkono mpaka unauma. "Hapa si Iringa," aliniambia. "Ukimtazama mzee usoni, umetuvua nguo sote." Basi, ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Nikafumba.

Tulipobaki wawili nyumbani na pana jambo la kusema, tulimtumia mbwa. Mbwa wetu anaitwa Askari. Mzee anakaa kwenye kigoda chake nje, chini ya dirisha langu, anasema, "Gwe Askari, wewe, waambie wenye nyumba kuku wameingia kwenye maharage." Mimi nikiwa ndani najibu, "Askari, mwambie aliyekutuma nimesikia." Yule mbwa alijua habari za ukoo ule kuliko mchungaji wa kanisa. Mwaka mzima na zaidi niliishi pale bila kujua sura ya mzee ikoje. Nilijua kofia yake, mabuti yake, na kikohozi.

Ndipo akazaliwa Asukile, mwanangu wa kwanza. Alikuwa na miezi miwili baridi ilipopamba moto.

Yalianza mafua madogo, pua inatiririka, mtoto anapiga chafya tunacheka. Baada ya siku chache pua ikaziba. Akinyonya, anavuta mara mbili tatu anaachia, analia kwa hasira kama mtu aliyeonyeshwa chakula akanyimwa, maana mtoto mdogo hajui kupumua kwa mdomo huku ananyonya. Kisha kifua kikaanza kukoroma. Ukimwekea mkono mgongoni unasikia makohozi yanacheza ndani.

Mama mkwe akatoa amri zake. Jiko la mkaa liingie chumbani. Dirisha lifungwe, na chini ya mlango liwekwe gunia. Mtoto avalishwe sweta mbili na kofia, afungwe blanketi, apakwe dawa ya kuchua ya kopo dogo, ile ya harufu kali, kifuani na chini ya pua. "Ukifungua dirisha umemuua mtoto," akasema. "Baridi hii ni kali fijo, kali mno." Asubuhi yake akavaa kitenge cha kina mama wa kanisani, akapanda gari kwenda Tukuyu kwenye mkutano wao. Fred alikuwa amekwama Nyololo, lori limevunjika springi. Nyumba nzima tukabaki mimi, mtoto, mzee na mbwa.

Nikampigia mama yangu Kalenga. Alisikia mkoromo wa mtoto kwenye simu kabla sijamaliza salamu.

"Kamwene baadaye," akanikatiza. "Huyo mtoto pua imeziba. Mnyonye kwa mdomo, uteme chini."

"Ninyonye makamasi, mama?"

"Sasa ya kwako wewe alinyonya nani? Serikali?"

Nikamwambia nitampaka dawa tena, nikakata simu. Chumba kilikuwa kimejaa moto na harufu ya ile dawa mpaka macho yananiwasha, kichwa kinagonga. Mimi mtu mzima nilikuwa nahema. Sikujiuliza mtoto je.

Nje nikasikia kigoda kinasogezwa.

"Gwe Askari," mzee akasema. "Mtoto anapumua kama sufuria ya kande. Waambie wafungue dirisha."

Nilikereka. Mama anasema funga, baba anasema fungua, na anayepigiwa kelele ni mimi. Nikajibu, "Askari, mwambie aliyekutuma mwenye amri ya dirisha yuko Tukuyu."

Baadaye kidogo akarudi tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini, haina ubishi. "Gwe Askari. Uliza kama mtoto ananyonya."

Sikumjibu, kwa sababu wakati huo huo nilikuwa najaribu kumnyonyesha. Asukile akavuta, akavuta tena. Maziwa yakaingia, pua imeziba, makohozi yakapanda kutoka kifuani, vyote vikakutana kooni. Akakohoa kikohozi kidogo cha ajabu, kama paka. Maziwa yakamtoka puani. Kisha akanyamaza.

Nimewahi kusikia kelele nyingi maishani, lakini hakuna iliyonitisha kama ule ukimya. Mdomo ulikuwa wazi na hakuna kitu kilichokuwa kinaingia wala kutoka. Macho yalinitazama moja kwa moja, makubwa. Midomo ikaanza kuwa ya bluu, kisha karibu nyeusi. Nikampigapiga mgongoni. Nikamwita jina. Nikampulizia usoni kama anayepoza uji. Hakuna. Ule uzito wake mdogo ukalegea mkononi mwangu.

Nikapiga kelele. Na unajua nilimwita nani? Mtoto wangu anakufa mkononi, mtu mzima mwenye akili zake amekaa nje ya dirisha, hatujaachana hata mita mbili, nami naita, "Askari! Askari! Mwambie mtoto anakufa! Askari, mwambie!"

Naita mbwa. Mwaka mmoja tu wa mila ile na ulimi wangu ulikuwa umesahau kumwita binadamu.

Nikasikia mabuti. Nilisubiri kikohozi. Ndiyo, hata saa ile, masikio yangu yalikuwa yanasubiri mzee akohoe ili nijue anakuja, na miguu yangu ilikuwa tayari kunitoa mle chumbani. Hakukohoa. Mlango ulifunguka mpaka ukagonga ukuta, lile gunia likaruka, na baba mkwe wangu akasimama mbele yangu mzima mzima, ndani ya chumba changu, khanga yangu ikiwa imedondoka na titi liko nje.

Sijui kilichonishtua zaidi, mtoto asiyepumua au mzee yule. Nadhani nilijaribu kufunika uso. Niseme kweli, nilijaribu kufunika uso badala ya kufunika kifua.

Yeye hakuniangalia. Alimpokonya mtoto. Hakuomba, alimpokonya. Akalipiga jiko teke likaenda mpaka uani na mkaa wake. Akamlaza Asukile kifudifudi kwenye mkono wake, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja. Akamgeuza, akapitisha kidole mdomoni akatoa utelezi. Kisha yule mzee wa kanisa, mtu asiyekubali kunywea kikombe kilichonywewa na mwingine, akaufunika uso mdogo wa mwanangu kwa mdomo wake, pua yote ndani, akavuta kwa pumzi yake. Akatema sakafuni. Kitu kizito, cha kijani. Akavuta tena, akatema. Akavuta tena.

Asukile akajinyonganyonga. Akapiga chafya. Kisha akalia, kilio kibovu chenye mikwaruzo, kilio kitamu kuliko kwaya yoyote niliyowahi kuisikia Iringa mjini wakati wa Pasaka.

Mzee akafuta mdomo kwa mkono wa koti. Akainua macho, nami nikainua yangu, tukaonana.

Ana macho ya Fred. Hilo ndilo nililoliona. Yale macho mapana yenye kope ndefu niliyodhani ni ya mume wangu peke yake, kumbe mwenye nayo alikuwa amekaa nje ya dirisha muda wote, na mimi nakimbilia kwenye viazi. Meno mawili ya mbele hana. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Hayo yote niliyaona kwa kitambo kidogo, kisha uso wake ukabadilika, nikajua amekumbuka yuko wapi na mimi ni nani. Alimlaza mtoto kitandani, hakunipa mkononi, akafungua dirisha, akatoka kinyumenyume akijigonga kwenye fremu ya mlango.

Nikasikia kigoda. Nikasikia anahema. Kisha ile sauti, imekatikakatika: "Gwe Askari. Namwita bodaboda. Waende kituo cha afya. Sasa hivi."

Kituoni nesi alimvua mtoto zile sweta zote, akamtazama kifua. Mbavu zilikuwa zinazama kila akivuta pumzi. Akaniambia hiyo ndiyo dalili ya kukimbilia hospitali, siyo ya kukaa nyumbani na kopo la dawa. Wakampa hewa ya mtungi, wakamwanzishia dawa ya nimonia, wakanilaza naye. Alipotulia, nesi akanionyesha kazi yenyewe. Matone machache ya maji ya chumvi yale ya dukani katika kila tundu la pua, unasubiri kidogo makamasi yalainike, kisha unavuta taratibu kwa kipira. Unafanya hivyo kabla ya kunyonyesha, na unamnyonyesha kidogo kidogo mara nyingi. Jiko lisiingie chumbani kabisa, ule moshi usioonekana unaua hata wakubwa. Na ile dawa ya kuchua haifai kwa kichanga, inamkaba badala ya kumsaidia.

"Nani alimtoa makohozi?" akauliza.

"Baba mkwe. Alinyonya kwa mdomo."

"Kwa mdomo mnaweza kuambukizana," alisema huku anaandika, "ila kwa leo sigombi na mtu." Kisha mkono ukasimama. Alikuwa wa huko huko, nadhani wa Rungwe. "Baba mkwe wako? Chumbani kwako? Na wewe ukiwemo?"

"Nikiwemo."

"Mwe!" Akakaa kwenye kitanda cha jirani. "Na mama mkwe ameshajua?"

Mama mkwe alikuwa hajajua. Lakini bodaboda aliyetuleta alikuwa mtu wa Isyonje, njiani nilikuwa nimemsimulia yote, na mdomo wake una mwendo kuliko pikipiki yake. Nililala macho makavu, namsikiliza Asukile anavyopumua, napanga maneno. Tutavuliwa nguo sote, alisema. Ataniambia nimemdhalilisha mzee. Ataniambia nirudi kwetu. Nikajibu mwenyewe kichwani: nitarudi, mama, na mtoto wangu mgongoni, basi la Iringa liko kila asubuhi. Hasira zangu zilikuwa zimenirudia, asante Mungu, maana bila hizo ningelia.

Waliporuhusu nirudi nyumbani, nilimkuta Blandina amekaa sebuleni na kitenge chake cha mkutano, hajabadilisha nguo. Mzee hakuwepo. Kigoda kilikuwa chini ya dirisha, kitupu. Askari alinifuata mpaka mlangoni akalala.

"Mlete," mama mkwe akasema. Nikampa mtoto. Akaweka sikio kifuani kwake, akasikiliza muda mrefu. Kisha akaniuliza bila kuniangalia, "Ni kweli aliingia?"

"Kweli."

"Ukiwa ndani?"

"Nikiwa ndani, mama. Kifua wazi. Tumeonana uso kwa uso. Na kama ni kosa, basi..."

"Alikohoa?"

Swali lile sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, siyo kwa swali. "Hapana," nikasema. "Hakukohoa."

Blandina akainamisha kichwa juu ya mwanangu. Mabega yakaanza kupanda na kushuka. Nilidhani ni hasira. Nilisogea nimchukue mtoto, nikaona kofia ya Asukile inaloa.

"Fred si wa kwanza kwangu," akasema. "Wa kwanza alikuwa wa kike. Mwezi kama huu. Makohozi haya haya. Mzee alikuwa ameenda Mbeya mjini kuuza viazi, nikabaki mimi na baba mkwe wangu. Alikuwa amekaa hapo hapo, kwenye hicho kigoda. Mtoto akakabwa. Mimi binti mdogo, sijui hili wala lile. Nikaita mbwa, kama wewe."

Nikaurudisha mkono niliokuwa nimeunyoosha kwa mtoto.

"Baba mkwe akasikia. Akaja mbio mpaka hapo mlangoni. Akakohoa." Akanyoosha kidole kwenye kizingiti. "Akakohoa ili nitoke, apate kuingia. Na mimi ningetokaje, mtoto yuko mkononi? Nikawa naita mbwa. Yeye anakohoa. Nami naita. Yeye anakohoa. Mpaka hakukuwa na sababu ya kuingia tena."

Nilikuwa nimepigwa na butwaa kuliko hata siku ile chumbani. Kisha sauti ikanitoka, tena vibaya. "Na bado ukanifundisha mimi? Ukanishika mkono mpaka ukauma, mama, ukanifundisha hivyo hivyo?"

"Nilikufundisha nilivyofundishwa," akasema. "Ningekuambia mila ni mbaya, ina maana mwanangu alikufa bure. Ningeweza kusema hivyo kila siku nikilala?"

Nilimkasirikia, nikamhurumia, vyote kwa mpigo, nikasimama tu pale kama mjinga.

Yeye akanirudishia mtoto. Akatoka nje. Nikamwona kupitia dirishani anainama, anakibeba kile kigoda, kigoda cha baba mkwe wake na sasa cha mume wake. Akakiingiza ndani. Alipita nacho sebuleni, akaingia chumbani kwangu, nami nyuma yake, akakiweka karibu na kitanda, akakifuta vumbi kwa ncha ya kitenge.

Asukile alikuwa anakoroma kidogo, mkoromo wa mafua ya kawaida, nami nilikuwa natafuta kile kipira kwenye mkoba, ndipo tukasikia mabuti yanavuka uwanja. Yakafika mlangoni. Yakasimama.

Mzee akakohoa.

Miguu yangu iliruka yenyewe, naapa. Mkono ulishika khanga. Mama mkwe alinitazama, mimi nikamtazama, na hakuna aliyemwonyesha mwenzake njia ya kutokea. Mzee akasubiri kidogo kama ilivyo desturi yake, akakohoa tena, kwa adabu, ili nipate nafasi ya kukimbia.

Nikaketi kitandani na mwanangu mapajani. Sikumtuma mbwa.

"Ingia, baba," nikasema. "Hatutoki."